Hivi kuna ujumbe hata mmoja wa redio tuliowatumia viumbe wa nyota nyingine ambao unasomeka? Hesabu zinakataa

#1 Mwale_Finyu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kila ukitajwa ujumbe wa Arecibo utasikia "tulishawaandikia, tunasubiri jibu". Mimi nadai hivi: karibu jumbe zote za redio zilizorushwa kwa makusudi kwenda nyota nyingine, mpokeaji mwenye mitambo kama yetu hawezi kuzisoma. Kusikia kwamba kuna kitu, labda. Kusoma, hapana.

Tuanze na Arecibo yenyewe. Tarehe 16 Novemba 1974, sahani ya antena ya mita 305 kule Puerto Rico, masafa ya megahezi 2,380, mtambo wa kilowati 450. Sahani inabana nguvu yote kwenye mwale mwembamba, hivyo aliye ndani ya mwale anaiona Dunia kana kwamba inarusha terawati 20 pande zote. Hiyo terawati 20 ndiyo inayowalevya watu. Isambaze sasa juu ya tufe lenye nusu kipenyo cha miaka nuru 25,000, maana huko ndiko liliko kundi la nyota la M13. Kila mita ya mraba inaambulia wati 2.8 × 10⁻²⁹.

Biti zilikwenda 10 kwa sekunde, kwa hiyo kipokezi lazima kifungue upana wa hezi 10 hivi. Kipokezi kizuri chenye joto la mfumo la kelvini 25 kina kelele ya wati 3.5 × 10⁻²¹ katika upana huo. Ukitaka ishara iizidi kelele mara 10 ndipo biti zisomeke, tafuta kilomita za mraba 1,200 za kukusanyia mawimbi. Hiyo ni sahani moja yenye kipenyo cha karibu kilomita 40. Arecibo ya M13 isingeweza kuisoma Arecibo yetu.

Nikosoeni kwa namba.

#2 Bi_Nukta

Namba zako ziko sawa mkuu, ila unaishtaki Arecibo kwa kosa ambalo si lake. Ilikuwa sherehe ya kuzindua sura mpya ya sahani na rada mpya. Ujumbe ulikuwa wa kuonyesha uwezo. Hata M13 haikuchaguliwa kwa sababu kuna mtu anayeshukiwa kuishi huko. Sahani ile ilikuwa imelala kwenye bonde, haigeuki. Iliweza kulenga hadi nyuzi 20 hivi tu kutoka utosini. Arecibo iko latitudo nyuzi 18 kaskazini, M13 iko nyuzi 36 na nusu kaskazini ya ikweta ya anga, tofauti yake ni nyuzi 18. Yaani lilikuwa kundi kubwa linalopita mule mule kwenye dirisha saa ya sherehe. Basi.

#3 Kimondo_TZ

Na hata huo ujumbe ukifika, M13 itakuwa imeshahama. Unafika patupu.

#4 Falaki_Mtupu

@Kimondo_TZ hili linarudiwa kila mahali, lakini lipime kwanza ndugu yangu. M13 inasogea angani kama sehemu 4 za elfu za sekunde ya tao kwa mwaka (nyuzi moja ni dakika 60 za tao, dakika moja ni sekunde 60). Nuru yake imetumia miaka 25,000 kuja na ujumbe utatumia mingine 25,000 kwenda, kwa hiyo zidisha kwa miaka 50,000 unapata sekunde 200 za tao, yaani dakika 3.3 za tao. Kundi lenyewe linaonekana na upana wa dakika 20 hivi. Mwale wa Arecibo kwa masafa yale ulikuwa na upana wa dakika 2. Kwa hiyo mwale utapita pembeni kidogo ya kiini, ila bado ndani ya kundi.

Hoja yenye nguvu ni ya upande wa pili: dakika 2 kwenye kundi la dakika 20 ni kipande kidogo sana. Watu husema "ulitumwa kwa nyota laki tatu" kana kwamba zote zilimulikwa. Karibu na kiini nyota zimesongamana, kwa hiyo nyingi zitaguswa, lakini sehemu kubwa ya pembezoni haitaguswa.

#5 Kimondo_TZ

Nimepokea. Asante kwa darasa.

#6 Mzee_wa_Antena

Mwanzisha uzi amechagua mfano rahisi kuupiga. M13 ni mbali mno, hata shabiki wa Arecibo anajua. Njoo Yevpatoria, Crimea. Sahani ya mita 70, kilowati 150, masafa ya gigahezi 5.01. Ukuzaji wa sahani hiyo ni kama mara milioni 8, kwa hiyo nguvu ndani ya mwale ni terawati 1.2. Ni ndogo kuliko ya Arecibo, ila nyota zilizolengwa ni jirani. Jumbe zilizoitwa Cosmic Call, za 1999 na 2003, zilikwenda kwa nyota zilizo kati ya miaka nuru 33 na 70 hivi. Oktoba 2008 ukarushwa mwingine kwenda Gliese 581, miaka nuru 20.4, unafika mwanzoni mwa 2029. Umbali ukipungua mara elfu, ishara inapanda mara milioni. Piga hesabu hapo tuone.

#7 Mwale_Finyu

Mzee shikamoo. Nimepiga, na bado nimebaki palepale kwa nusu.

Gliese 581: kila mita ya mraba inapata wati 2.6 × 10⁻²⁴. Mpe mpokeaji sahani ileile ya mita 70, eneo lake la kazi ni kama mita za mraba 2,300. Anakusanya wati 6 × 10⁻²¹. Kelele yake kwa kila hezi moja ni wati 3.5 × 10⁻²². Akifungua hezi 1 tu, ishara inazidi kelele mara 17. Hapo anaruka kitini, amesikia.

Ila biti za kisayansi za Cosmic Call ya 1999 zilikwenda 100 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo anahitaji hezi 100, na kelele inapanda mara 100. Ishara inakuwa 0.17 ya kelele, imezama. Na hiyo ni miaka nuru 20. Nyota ya miaka nuru 50, gawanya tena kwa 6. Cosmic Call ilikuwa pia na sehemu ya umma, majina na barua za watu, iliyokwenda biti 2,000 kwa sekunde. Hiyo sehemu hata tusiijadili.

#8 NRB_Mawimbi

Sasa kwa nini tunampa mpokeaji sahani ya mita 70? Anayesikiliza nyota kwa dhati atajenga kubwa zaidi. Mpe kilomita moja ya mraba ya eneo la kukusanyia, ambayo hata sisi binadamu tumeshaiota kwenye SKA, ule mradi wa darubini kubwa ya redio. Ni mara 400 ya ile ya mita 70. Ile 0.17 inakuwa zaidi ya 70, na ujumbe unasomeka kama gazeti. Dai la "hakuna" linaanguka hapo.

#9 Mwale_Finyu

Nimesema "mitambo kama yetu", na hiyo kilomita ya mraba bado hatuna. Lakini hoja nimeipokea: kwa Gliese 581 dai langu linategemea sahani ya mpokeaji.

#10 Bi_Nukta

Kabla hamjaizika Cosmic Call, tazameni ulivyoandikwa. Yvan Dutil na Stéphane Dumas wa Kanada walijua kabisa kwamba kelele ndiyo adui. Ujumbe wao ni kurasa 23, kila ukurasa mraba wa biti 127 kwa 127. Namba 127 ni tasa, kwa hiyo ukurasa unapangika kwa njia moja tu. Jumla biti 370,967. Alama zao ni vijipicha vya nukta vilivyochaguliwa ili ukipoteza nukta kadhaa, au ukaugeuza ukurasa kichwa chini, alama moja isifanane na nyingine. Na kwa kila nyota ya mwaka 1999 ujumbe ulirudiwa mara 3.

Linganisha na Arecibo: biti 1,679, mara moja, sekunde 168, kwisha. Biti moja ikigeuzwa na kelele kwenye namba ya idadi ya watu, namba inabadilika na msomaji hana pa kuhakikisha.

#11 Falaki_Mtupu

Kurudia mara 3 kunasaidia mara 3 tu, tena kama mpokeaji amerekodi zote tatu na kuzilaza juu ya nyingine bila kupishana. 0.17 inakuwa 0.5. Bado hasomi kwa sahani ya mita 70. Alama imara zinavumilia nukta chache kuharibika. Hapa nukta nne kati ya kumi zitakuwa za kubahatisha.

#12 Mpya_Jukwaani

Samahani wakuu, hiyo 1,679 ina nini cha ajabu? Na "kupangika kwa njia moja" ndiyo nini?

#13 NRB_Mawimbi

Karibu. 1,679 ni 23 mara 73, na zote mbili ni namba tasa. Mpokeaji akihesabu biti anajaribu kuzipanga kwenye mstatili, na ziko njia mbili tu za maana. Safu 73 za biti 23 zinatoa picha. Safu 23 za biti 73 zinatoa takataka. Ndani ya picha, ukishuka kutoka juu: namba 1 hadi 10, kisha 1, 6, 7, 8, 15, ambazo ni hidrojeni, kaboni, nitrojeni, oksijeni na fosforasi, kisha vipande vya DNA, umbo la mtu, sayari na sahani yenyewe.

Kizuri zaidi ni kipimo chake. Kando ya mtu kuna namba 14. Kipimo hakikutajwa popote, ni urefu wa wimbi lenyewe lililobeba ujumbe, sentimita 12.6. 14 × 12.6 ni sentimita 176. Rula imesafiri pamoja na barua.

#14 Kimondo_TZ

Na barua ina makosa pia. Idadi ya jozi za DNA iliandikwa kama bilioni 4.3, leo tunajua ni bilioni 3 na kitu. Watu wa duniani bilioni 4.29, leo tumepita 8. Pluto imepangwa safu moja na sayari nyingine.

#15 Bi_Nukta

Pluto ilikuwa sayari 1974 kaka, hilo si kosa la mwandishi. DNA ndiyo, hiyo ilikuwa elimu ya wakati ule.

#16 NRB_Mawimbi

Mnapigana na nguvu na kelele, lakini mimi naona tatizo ni ratiba. Hata kama ishara ingekuwa na nguvu mara milioni, sekunde 168 mara moja tu katika historia ni nini? Mpokeaji lazima awe ameelekeza sahani yake kwetu, kwenye masafa hayo, dakika hizo tatu. Akibahatika kuipata, atataka kuhakikisha: atarudi kesho, kesho kutwa, mwaka ujao. Kimya. Sisi wenyewe tulipata ishara moja ya namna hiyo, ile ya "Wow!" ya Ohio ya Agosti 1977. Ilionekana mara moja na haikurudi, na mpaka leo hakuna anayethubutu kusema ni ya nani. Tunawatumia wenzetu kile ambacho sisi tungekitilia shaka.

Sahani ndogo inayorudia kila siku kwa miaka 20 inazidi thamani terawati 20 za dakika tatu.

#17 Mzee_wa_Antena

Hilo nakubali. Ila kuna jambo hamjaligusa na ndilo linaloharibu kazi kimya kimya: masafa kuteleza. Dunia inazunguka. Kwa gigahezi 5, mzunguko wa Dunia peke yake unasogeza masafa hadi hezi 0.5 kila sekunde. Mwendo wa kulizunguka Jua, kilomita 30 kwa sekunde, unasogeza jumla hadi kilohezi 500 juu au chini kutegemea mwezi wa mwaka. Mpokeaji wa hezi 1 aliyetajwa hapo #7 atakuta ishara imetoka kwenye mlango wake ndani ya sekunde 2 asipojua kuifuata.

Dawa iko kwa mrushaji. Anajua mwendo wake mwenyewe, kwa hiyo anakokotoa masafa ya kurusha kila sekunde ili ishara itoke kana kwamba imerushwa kutoka kitovu cha Mfumo wa Jua. Mpokeaji anabaki na mwendo wake yeye tu, ambao anaujua.

Hatua ya pili, kulenga. Nyota uionayo iko pale ilipokuwa, si ilipo. Gliese 581 inasogea sekunde 1.24 za tao kwa mwaka. Nuru yake imetumia miaka 20.4 kuja, ishara yako itatumia mingine 20.4 kwenda. Unalenga mbele kwa sekunde 50. Nusu ya mwale wa sahani ya mita 70 ni kama sekunde 88, kwa hiyo usipolenga mbele unapoteza nguvu lakini hukosi kabisa. Ungekuwa na sahani ya Arecibo kwa masafa hayo hayo, mwale ni mwembamba mara 4 na ushei, na ungemkosa.

#18 Falaki_Mtupu

Mzee umemaliza. Ndiyo maana ule wa 2017 kutoka Tromsø, Norwei, kwenda nyota ya Luyten haukuwa na wasiwasi wa kulenga. Sahani ya mita 32 kwa megahezi 930 ina mwale wa zaidi ya nusu nyuzi, wakati nyota hiyo hata kwa kasi yake ya sekunde 3.7 kwa mwaka ilihitaji kutangulizwa dakika moja na nusu tu ya tao. Kulenga rahisi, ukuzaji mdogo. Huwezi kula mbili.

#19 Binti_Zuhura

Kuna njia ya katikati ambayo hakuna aliyeitaja. Agosti na Septemba 2001 Alexander Zaitsev alirusha ujumbe wa vijana kwenda nyota 6 kutoka Yevpatoria hiyo hiyo, na akaugawa mafungu matatu. La kwanza ni sauti moja tupu isiyobeba chochote, masafa yakirekebishwa kama alivyoeleza Mzee #17. Kazi yake ni kugunduliwa tu. La pili ni muziki wa theremini. Theremini, ala ya muziki ya kielektroniki, inatoa wimbi moja laini linalopanda na kushuka, kwa hiyo nguvu yote inabaki kwenye mstari mwembamba na kipokezi cha upana mdogo kinaweza kuufuata. La tatu ndizo biti.

Kwa hiyo hata asiyeweza kusoma fungu la tatu anajua kutokana na mawili ya kwanza kwamba huyu ni mtu, si nyota. Mwanzisha uzi anadai kusoma ndiyo kila kitu. Mimi nadai salamu ikisikika imefanya kazi yake.

#20 Kimondo_TZ

Salamu bila maneno bibie?

#21 Binti_Zuhura

Mtu akibisha hodi, unajua yupo mlangoni kabla hajasema jina lake.

Na mkitaka ufupi, Wasovieti walitangulia. Novemba 1962 rada ya Yevpatoria, ya sahani nane za mita 16, ilirusha kwa Morse maneno MIR, LENIN na SSSR kwenda Zuhura. Sehemu iligonga sayari ikarudi, nyingine inaendelea upande wa kundinyota la Mizani.

#22 NRB_Mawimbi

Hiyo 1962 ilikuwa jaribio la rada, siihesabu kama barua.

#23 Mpya_Jukwaani

Lakini si hatari? Mbona nasikia wanasayansi wengine wanapinga kabisa.

#24 Bi_Nukta

Upinzani ni wa zamani kama ujumbe wenyewe. Baada ya Arecibo, Martin Ryle, Mwanaastronomia wa Kifalme wa Uingereza na mshindi wa Nobel mwaka huo huo, alilalamika kwamba hatujui nani anasikiliza. Februari 2015 likatolewa tamko, Elon Musk akiwa miongoni mwa waliotia saini, kutaka mjadala wa dunia nzima kwanza. Mwanaastronomia wa Hungaria Iván Almár alipendekeza kipimo cha San Marino, 1 hadi 10, kupima uzito wa kila urushaji kwa nguvu yake na kwa aina yake. Arecibo inapata 8.

Kisheria ni patupu. Kanuni za 1989 zinahusu nini cha kufanya ukipokea ishara. Anayeanza mwenyewe kurusha hazimfungi.

#25 Mzee_wa_Antena

Hatari hiyo imechelewa kujadiliwa. Rada ya Goldstone, California, inayopima vimondo na sayari ndogo, ina mita 70 na kilowati 450 hivi kwa gigahezi 8.56. Ndani ya mwale ni terawati zaidi ya 10. Inawashwa kazini mwaka baada ya mwaka, na kila mwale unaopita kando ya jiwe unaendelea kwenda. Ukitaka kuificha Dunia, funga rada kwanza.

#26 Binti_Zuhura

Sikubaliani Mzee wangu. Mwale wa rada unafuata jiwe linalotembea, kila kona ya anga inaguswa kidogo na haiguswi tena. Aliyeipata hawezi kuthibitisha, kama alivyoeleza #16. Ujumbe unaorudiwa kwa nyota moja ni jambo jingine kabisa. Huwezi kutumia hoja ya ratiba kuonyesha ujumbe hauna maana halafu ukaisahau kwenye rada.

#27 Mzee_wa_Antena

Hapo umenipata mwanangu. Nitalifikiria.

#28 Kimondo_TZ

Tukiacha wakubwa, mtu na sahani lake la mita 3 la zamani la satelaiti, pale Dar, anaweza kuwasalimu Rijili Kantori? Maana ndiyo mfumo wa nyota ulio jirani kuliko yote.

#29 Falaki_Mtupu

Swali zuri kuliko unavyodhani. Arecibo haikuweza kuiona, Yevpatoria pia hapana, iko kusini mno, nyuzi 60 na zaidi. Dar inapanda hadi nyuzi 36 hivi juu ya upeo, Nairobi kama 30. Sisi tunayo angani.

Sasa vifaa. Sahani ya mita 3, megahezi 1,296, ambayo ni bendi ya redio ya ridhaa na ndiyo wanayotumia kugonga ishara kwenye Mwezi. Ukuzaji mara 900. Wati 200 zinakuwa kilowati 180 ndani ya mwale. Yevpatoria ni mara milioni 6 na ushei ya hiyo. Kupeleka herufi usahau. Ila sauti moja tupu, isiyoteleza, ikiwa imetulia kwa sekunde 1,000 mfululizo, mpokeaji mwenye ile kilomita ya mraba ya #8 angeiona kinadharia. Ugumu uko kwenye saa: masafa yasiyumbe zaidi ya sehemu ya elfu ya hezi kwa muda wote huo. Kioo cha kwatsi cha kawaida hakifiki, tafuta saa ya rubidi au ishara ya GPS ya kukirekebisha, na hata hapo ni kazi. Na leseni: TCRA kwa Tanzania, CA kwa Kenya. Bila leseni usiwashe.

#30 Mpya_Jukwaani

Si Kenya imo kwenye SKA? Wasitumie hiyo?

#31 NRB_Mawimbi

Kenya ni kati ya nchi nane za Afrika zilizoshirikiana na Afrika Kusini kwenye mradi, lakini SKA ni masikio tu, haina mdomo. FAST ya China vivyo hivyo, mita 500 na haina mtambo wa kurushia. Pendekezo la 2022 la kutuma ujumbe mpya kuelekea katikati ya galaksi liliwataja FAST na Allen ya California, na zote mbili zingehitaji kuongezewa mtambo kwanza. Arecibo iliyokuwa na vyote viwili ilianguka 1 Desemba 2020.

#32 Kimondo_TZ

Nje ya mada kidogo. Ile santuri ya dhahabu ya Voyager ya 1977 ina salamu za lugha 55. Kiluganda kimo. Kichewa kimo. Kiswahili hakimo! Waganda wamesalimia, sisi tuko kimya.

#33 Bi_Nukta

Kweli hakimo. Ila jirani yupo: kuna wimbo wa wasichana wa Wambuti wa msitu wa Ituri, Kongo. Na kwa hesabu za uzi huu santuri ina faida moja: haifi kwa kelele. Hasara yake ni mwendo. Voyager 1 itapita umbali wa kama mwaka nuru 1.6 kutoka Gliese 445 baada ya miaka 40,000. Turudi kwenye mada.

#34 Falaki_Mtupu

Kurudi kwenye mada: hata kulenga nyota gani ni bahati nasibu. Gliese 581 ilichaguliwa kwa sababu ya sayari zilizotangazwa huko, hasa ya 2007 iliyosemwa ina joto la kufaa. Baadaye ikaonekana ni ya moto, na 2014 sayari nyingine ya hapo, d, ikaonekana ni madoa ya nyota yenyewe. Anwani ilibadilika barua ikiwa njiani.

#35 Mwale_Finyu

Nimesoma zote. Naongeza hesabu moja ambayo nadhani inagusa pande zote. Chukua vifaa vya Yevpatoria vilevile, Gliese 581 ileile, ujumbe uleule wa biti 370,967, ila upunguze kasi hadi biti 1 kwa sekunde. Mpokeaji wa mita 70 anafungua hezi 1, ishara ni mara 17 ya kelele, anasoma. Gharama ni muda: sekunde 370,967 ni saa 103. Kutoka Crimea nyota hiyo inakaa juu ya nyuzi 10 kwa muda wa saa 9 kwa siku. Siku 12 za kazi, badala ya saa moja.

#36 Mzee_wa_Antena

Siku 12 za sahani ya mita 70 hakuna anayekupa bure, na klistroni (kikuza nguvu cha mtambo) ya kilowati 150 saa 9 mfululizo inataka maji ya kupoza yasiyokatika. Ukatize katikati ya ukurasa, mpokeaji anapoteza mahesabu ya safu. Ungelazimika kuanza kila siku na ukurasa mzima: biti 16,129 ni saa 4 na dakika 29. Kurasa 2 kwa siku.

#37 NRB_Mawimbi

Kurasa 2 kwa siku, 23 zote ni siku 12 vilevile, inaingia. Lakini ni mara moja tu bado! Zidisha kwa marudio.

#38 Binti_Zuhura

Au rusha ukurasa wa kwanza peke yake, kila siku, mara mbili, mwaka mzima. Ukurasa wenye namba tu.

#39 Mwale_Finyu

@Binti_Zuhura ukurasa wa namba tu unatosha kumfanya asubiri wa pili? Hapo ndipo siko na uhakika.